Simba Anakimbia Wapi?

Julai mwaka juzi nilipata kazi ya kuandika makala ya maneno elfu moja kueleza kwa nini mbwa na paka hushtukashtuka wakiwa wamelala. Mteja alikuwa Mmarekani mwenye tovuti ya wanyama. Malipo: dola nane. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha chuo, na dola nane ni dola nane, kwa hivyo sikuuliza maswali mengi.

Nilikuwa nikiandikia jikoni kwa mama, huku Konoin, Kaunti ya Bomet. Julai huku baridi haina adabu, na jikoni ndiko kwenye moto. Laptopu juu ya gunia la mahindi, mimi kwenye kigoda, na karibu na miguu yangu Simba, mbwa wetu, amelala kwa ubavu. Ndio nilikuwa naanza aya ya pili alipoanza kukimbia. Miguu ya mbele ilimcheza kwanza, halafu ya nyuma. Akatoa sauti ndogo, kubweka kwa mtu aliyefungwa mdomo. Masharubu yakacheza. Macho yalikuwa yanazunguka chini ya kope. Ilienda hivyo kama dakika moja, kisha akashusha pumzi ndefu, akatulia.

Nilimwangalia, nikaangalia laptopu, nikacheka peke yangu. Mtu wa ng'ambo alikuwa ananilipa nimweleze jambo nililoliona tangu utotoni bila kuwahi kujiuliza hata siku moja ni nini.

Makala ile niliituma kesho yake, nikalipwa, ikaisha. Hii ni ile nyingine, ambayo hakuna aliyeniagiza.

*

Kwanza niseme nilichojifunza kwa zile dola nane, maana si kidogo.

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba mtu aliyelala ana vipindi ambapo macho yake yanakwenda mbio chini ya kope, na ukimwamsha wakati huo mara nyingi atakuambia alikuwa anaota. Vipindi hivyo vikaja kuitwa REM. Baadaye ikaonekana kwamba paka anavyo, mbwa anavyo, ng'ombe anavyo, hata panya anavyo. Katika vipindi hivyo ubongo unafanya kazi karibu kama wa aliye macho, lakini kuna sehemu kwenye shina la ubongo inayofunga misuli ili mwili usitii. Ndiyo maana ukiota unaruka ukuta huamki ukiwa nje. Kufunga huko si kwa asilimia mia. Vidole vinaponyoka, mkia unaponyoka, midomo inaponyoka. Huko kuponyoka ndiko tunakokuona.

Kule Lyon, Ufaransa, Michel Jouvet aliharibu sehemu hiyo kwenye ubongo wa paka ili aone nini kitatokea kufuli likiondolewa. Paka walilala, kisha wakiwa bado usingizini wakainuka. Wakanyemelea, wakashambulia vitu ambavyo havikuwepo. Kwa watu wengi huo ndio ushahidi mkubwa kwamba mnyama anaota. Mimi niliposoma nilikwama mahali pengine: kwamba ili tujue paka ana ulimwengu wake wa ndani, ilibidi tumkate ubongo kwanza.

Mwaka 2001, huko MIT Marekani, Kenway Louie na Matthew Wilson walirekodi seli za ubongo wa panya waliokuwa wakikimbia kwenye njia ya duara kutafuta chakula. Panya walipolala, seli zilezile ziliwaka tena kwa mpangilio uleule, kiasi kwamba watafiti waliweza kukadiria panya yuko sehemu gani ya njia katika usingizi wake. Kwa hivyo swali la Simba anakimbia wapi si la kitoto. Kwa panya limeshajibiwa kwa kiasi fulani: anakimbia alikokimbia mchana.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Mark Blumberg wa Chuo Kikuu cha Iowa amewachunguza panya wachanga kwa miaka mingi. Hao miguu inawacheza usingizini kuliko wakubwa, na ni wachanga hivi kwamba hawajakimbilia popote. Anachosema ni kwamba mguu ukicheza, ujumbe unarudi kwenye ubongo, na ubongo unajifunza: kumbe huu ni mguu wangu, ukivutwa hapa unakwenda kule. Mwili unajitambulisha kwa mwenyewe. Kwake yeye, hayo si mabaki ya ndoto. Basi si kila mguu unaocheza ni ndoto.

Kwenye makala niliandika haya yote, nikaongeza na yale ya manufaa ambayo wateja hupenda. Kwamba mbwa anayeota analegea, anacheza kidogokidogo, na ukimwita kwa upole anaamka. Mwenye kifafa anakakamaa mwili mzima, haitiki, anaweza kujikojolea, na akizinduka anakuwa kama hajui alipo. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwamba usimguse mbwa aliye katikati ya ndoto, maana anaweza kukuuma kabla hajajua ni wewe. Mwite jina kwa mbali. Basi. Maneno elfu moja yakatimia.

*

Kuna kitu kilinisumbua wakati wa kuandika. Makala ilizungumzia mnyama kipenzi. Mbwa mwenye kitanda, mwenye siku ya kuzaliwa. Sisi huku hatuna huyo. Tuna mbwa wa boma. Simba hakuwahi kununuliwa kitanda, hakuwahi kupanda kiti, na jikoni aliruhusiwa baada ya kuzeeka tu, tena kwa sababu mama alichoka kumfukuza. Alikula kilichobaki: ugali uliokauka sufuriani, mifupa kukiwa na sherehe. Kazi yake ilikuwa kubweka usiku, kusindikiza ng'ombe, na kuwafukuza tumbili wasimalize mahindi. Kumpenda? Sijui kama hilo ndilo neno. Alikuwa wetu.

Mwezi huohuo wa Julai kuku wetu watatu waliibiwa usiku. Simba alikuwa amelala chini ya ghala, hatua kumi kutoka kwenye banda. Hakubweka. Alikuwa na karibu miaka kumi na miwili, jicho moja limeingia ukungu, na masikio nadhani yalikuwa yameshakwenda. Asubuhi mzee alisimama mbele ya banda, akaangalia manyoya, akamwangalia Simba aliyekuwa bado amelala juani. Akasema, "Huyu amemaliza kazi." Akaendelea na shughuli zake.

Kwetu maneno hayo yana maana moja. Kuna mtu kijijini anayeitwa mbwa akimaliza kazi. Anakuja na kamba, wanakwenda wote wawili upande wa msitu, anarudi peke yake. Hakuna anayemwona mbaya. Ni fundi kama mafundi wengine. Mzee alisema atamwita baada ya bonasi ya Oktoba, na hapohapo akaagiza mtoto wa mbwa kutoka kwa rafiki yake wa Mogogosiek.

Sikusema kitu. Nitasema ukweli kwa nini sikusema kitu. Siku hizo hata mimi nilikuwa nalala sana. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa tatu bila cheti, karo ilikwama na mimi pia nilikwama, na usiku naandika makala za watu, mchana nalala. Kijiji kinaona mlango umefungwa saa nne asubuhi, na watu wa rika langu wako shambani na vikapu mgongoni. Kwa hivyo maneno "wa kulala tu" nilikuwa nayasikia, na hayakuwa yanasemwa juu ya Simba peke yake. Mtu wa aina hiyo hana mdomo wa kumtetea mbwa.

Badala yake nikaanza kusoma. Ndiyo tabia yangu nikishindwa na jambo.

*

Immanuel Kant, yule Mjerumani wa karne ya 18, alilizungumzia jambo letu kana kwamba amewahi kukaa Konoin. Katika mihadhara yake ya maadili anatoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu hadi akazeeka, hawezi tena kazi. Bwana akimpiga risasi, je, amekosea? Jibu la Kant ni kwamba hajamkosea mbwa, maana mbwa hawezi kuhukumu. Amejikosea mwenyewe, ameharibu utu ulio ndani yake, na mwenye kuzoea ukatili kwa mnyama atauleta kwa watu. Kwa hivyo mbwa atunzwe hadi afe, lakini si kwa ajili ya mbwa.

Nililipenda jibu hilo kwa siku mbili, kisha likaanza kunikera. Ni kama kumwambia mtu: nakusalimia, lakini si kwa sababu upo, ni ili nisisahau kusalimia watu.

Kabla yake, katika karne ya 17, René Descartes alikuwa amekwenda mbali zaidi: mnyama kwake ni mashine, kama saa ya ukutani. Akilia ni gurudumu linakwaruza. Baada yao akaja Mwingereza Jeremy Bentham, ambaye mwaka 1789 aliandika kwamba cha kuuliza kuhusu mnyama ni kama anaweza kuteseka, hayo mengine ya kufikiri na kusema tuyaache. Sheria zetu nyingi zimesimama hapo. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, na jina lenyewe linakuambia shida yake ni nini: ukatili. Mateso.

Sasa chukua kipimo hicho cha mateso ukilete kwetu. Fundi wa kamba, tuseme, ni mzuri katika kazi yake. Tuseme anamkuta Simba amelala na Simba haamki, hajui, haumii. Kipimo cha Bentham hakina la kusema. Hakuna mateso. Ukimuuliza mtu yeyote hapa kwetu, atakuambia hiyo ndiyo namna nzuri kuliko zote, na mimi pia, nikiambiwa nichague namna ya kufa, nitaomba nichukuliwe usingizini.

Na bado kuna kitu kinakataa. Nilitaka kujua ni nini, au kama ni huruma tu ya mtu aliyekaa na mbwa jikoni mwezi mzima.

*

Jibu, au kipande chake, lilitoka kwa mama.

Mama alichuna chai miaka kumi na tisa kwenye shamba kubwa upande wa Kericho. Majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, siku sita kwa wiki. Halafu mashine zikaja. Mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, hilo halina ubishi, na wale wengi wanarudi kwao. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuna chai huko Kericho, picha zikazunguka kwenye simu zetu kijiji kizima. Mama hakusema lolote kuhusu picha hizo. Alikuwa ameshakubali yaishe. Siku hizi anachuna nusu ekari yetu wenyewe na kupeleka kituoni, kilo zinazopatikana.

Alasiri moja, mvua imeanza ile ya saa tisa isiyokosa, mama alisinzia kando ya moto, mikono imelala mapajani. Nikaona vidole vinamcheza. Kidole gumba na cha shahada vinakutana, vinavuta kidogo, vinaachia. Vinakutana, vinavuta, vinaachia. Kila baada ya mara kadhaa bega la kulia linashtuka. Nilichukua muda kuelewa kuwa bega lile lilikuwa linatupa majani kwenye kikapu ambacho hakipo mgongoni mwake.

Nilikumbuka utafiti mmoja. Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Harvard na wenzake waliwapa watu mchezo wa Tetris, ule wa vipande vinavyoanguka, kisha wakawauliza wanaona nini usingizi ukianza kuwachukua. Wengi waliona vipande vinaanguka. Miongoni mwao walikuwepo watu waliopoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa ubongo, ambao kesho yake hawakukumbuka kuwa wamewahi kuuona mchezo ule. Hata baadhi yao waliviona vipande. Yaani mwili ulikuwa unaweka kitu ambacho mwenyewe hana habari nacho.

Mama alipoamka nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unaota nini?"

"Chai," akasema. "Mimi huota nini kingine?"

"Pole."

Akanishangaa. "Pole ya nini? Kwenye ndoto nachuna vizuri. Mgongo hauumi. Na hakuna karani."

Karani ni yule anayepima. Anayesimama na mizani na kitabu, anayeandika kilo zako, anayekata ukileta majani mabaya. Miaka kumi na tisa mama hakuchuna jani moja ambalo halikupita mbele ya karani. Na sasa, katika usingizi wa alasiri, alikuwa na shamba zima la chai ambalo halipimwi.

Nikarudi kwa Simba na maneno hayo. Mchana na usiku, Simba akiwa macho, alikuwa wetu. Kubweka kwake kulikuwa kwetu, mbio zake zetu, meno yake yetu. Tukimwangalia tulikuwa tunapima: amebweka, hajabweka. Lakini zile mbio za usingizini hakuna aliyemtuma. Hazilindi kuku wa mtu. Kama anamfukuza tumbili, ni tumbili wake mwenyewe. Hapo tu ndipo nilipomwona Simba kama mwenye kitu, na si kama kitu chenye mwenyewe. Na mwenye kitu anaweza kunyang'anywa hata kama hakuumia. Mwizi akiingia kwako umelala, akatoka na mali yako bila kukugusa, hajakutesa, lakini amekuibia.

Nadhani hilo ndilo linalokataa. Kifo kisicho na maumivu kinaondoa mateso na kinaondoa pia mengine yote, na hayo mengine hayakuwa yetu.

*

Ukinibana, najua mahali nitakapotoa jasho.

Utaniambia: wewe hujui kama Simba anaota. Blumberg amesema inaweza kuwa ni misuli tu. Ni kweli. Lakini fikiria jambo hili. Wazee wetu wa Kikipsigis walikuwa na desturi ya kumpa mtoto mchanga jina la marehemu wa ukoo, kurenet. Wanawake wazee wanataja majina ya waliotangulia mmoja baada ya mwingine, na jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Na chafya ilisaidiwa na tumbaku ya kunusa. Kila mtu chumbani alijua tumbaku inaleta chafya. Hawakuwa wajinga. Walijua sababu ya chafya, na bado waliisikiliza, kwa sababu mbele yao alikuwepo mtu asiyeweza kusema, na mwili wake ndio mdomo pekee aliokuwa nao. Kujua misuli inavutwa na nini hakumalizi swali la nani anavutwa. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alizunguka vijijini akiwauliza wazee maswali, akishikilia kwamba falsafa ipo kwa watu wasiokaa darasani. Mimi niliyetoka darasani kabla ya wakati nina sababu zangu za kupenda maneno hayo, lakini hapa naona alikuwa sawa: wale wakunga walikuwa wamelifikiria jambo hili kuliko Descartes.

Utaniambia tena: na mbuzi je? Mbuzi naye anaota, na Krismasi unamla. Hapa sina pa kukimbilia. Sijaacha nyama. Ninachoweza kusema ni kwamba nikishajua mbuzi ana kitu chake, siwezi tena kusema simchukulii chochote. Namchukulia. Labda kuna siku nitaacha, labda sitaacha, lakini kujidanganya kwamba sidaiwi ni kosa la pili juu ya la kwanza. Koo zetu hapa kila moja ina mnyama wake, wengine simba, wengine nyuki, wengine tembo, na mwenye mnyama hamdhuru wa kwake. Sijasikia wazee waliokataza kuua wanyama wote. Ila walihakikisha kila mtu ana angalau mmoja ambaye mkono wake unasita mbele yake. Si suluhisho, lakini si kitu kidogo.

Utasema pia: kuna mbwa ambaye ni lazima afe. Nakubali, tena haraka. Kichaa cha mbwa kimekuwa nchini tangu 1912 kilipothibitishwa kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na mtu akishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Serikali ilitoa mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo hivyo kufikia 2030, na nguzo yake ni chanjo: ukichanja mbwa saba kati ya kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupita. Mbwa mwenye kichaa hana muda wa falsafa yangu. Na mbwa anayeteseka bila tumaini, akilazwa na daktari wa mifugo kwa sindano, nadhani anatendewa wema. Katika hali zote mbili mbwa anakufa kwa sababu ya hali yake au ya hatari yake. Simba alikuwa anakwenda kufa kwa sababu ya kuku watatu. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Tuna methali isemayo shukrani ya punda ni mateke. Tunaitumia kwa watu wasio na fadhila. Hakuna aliyemuuliza punda: baada ya miaka yote hiyo ya kubeba maji, shukrani ya binadamu ilikuwa nini?

*

Bonasi ilikuja. Mtoto wa mbwa naye akaja, mweusi, tumbo kubwa kuliko miguu. Jumapili moja mwanzo wa Novemba, baada ya kanisa, fundi akaja na kamba yake ameikunja mfukoni. Mama alimpa chai na mzee akakaa naye kwenye benchi. Mimi nilikuwa mlangoni kwa jikoni. Nilikuwa nimejipanga kusema. Hotuba nzima nilikuwa nayo, Kant na karani wote ndani.

Simba alikuwa amelala chini ya kingo za paa. Wakasimama, wakamwendea. Walipomkaribia miguu ikaanza kumcheza. Mbele, nyuma. Ile sauti ya mdomo uliofungwa. Mzee akasimama.

"Amelala," akasema.

"Si ndio vizuri," fundi akajibu. Na alikuwa sahihi, kwa hesabu zote ninazozijua.

Mzee aliendelea kusimama pale, mikono nyuma. Akasema, "Ngoja aamke kwanza."

Wakarudi kwenye benchi. Chai ikaongezwa. Simba akakimbia, akatulia, akakimbia tena. Saa tisa mvua ikashuka kama kawaida yake, fundi akasema barabara itaharibika, akaenda zake. Mzee hakumwita tena. Hatukulizungumza. Hotuba yangu sikuitoa, na nadhani ningeitoa ningeharibu.

Waswahili husema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Huchukuliwa kama onyo la mjanja: mwache mwenzako na uzembe wake, wewe upate faida. Mzee hakuwa na faida yoyote Jumapili ile. Alikuwa na mbwa asiyebweka na mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Nimefikiri sana alichokiona, na siwezi kusema kwa niaba yake. Ninachojua ni kwamba mtu ambaye hajawahi kusoma Bentham alikataa njia isiyo na mateso, na hakukataa kwa sababu ya mateso.

Wiki hiyohiyo alinigongea mlango saa nne asubuhi. Nikajua leo ndiyo leo. Akasema tu, "Ukimaliza kulala, kuna chai jikoni."

Simba alikufa Machi iliyofuata, peke yake, nyuma ya ghala, usiku. Mzee alichimba shimo mwenyewe pale chai inapokutana na ua. Hakuomba msaada na sikumpa.

Kazi za kuandika zimepungua siku hizi. Hata huko mashine zimefika. Lakini bado nakaa jikoni usiku. Yule mweusi, mama anamwita Popi, amekua, ameruhusiwa ndani mapema kuliko Simba, na hakuna aliyetoa amri hiyo. Alipokuwa mdogo miguu ilimcheza usiku kucha, kabla hajawahi kuvuka hata geti. Sasa anafika hadi mtoni na kurudi. Akianza kukimbia usingizini namwangalia hadi amalize. Mama akipita na kuni anamkwepa, anazunguka upande wa pili wa moto.